Bima Ndogo Humlinda Nani?

Msikilizaji, swali linaloulizwa sana kuhusu bima ya vyombo vya moto ni hili: kama nimekata bima, kwa nini nisilipwe gari langu likiharibika? Jibu limo katika aina ya bima uliyokata. Sheria ya Tanzania inakutaka uwe walau na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Hiyo humfidia uliyemgonga. Bodaboda yako iliyopinda rimu utaitengeneza kwa fedha zako. Anayetaka chombo chake nacho kilindwe hukata bima kubwa.

Wapo wasemao kampuni hupokea ada upesi na kulipa kwa kusuasua. Malalamiko hayo yana uzito, ndiyo maana yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini madai hukwama pia kwa masharti ambayo mteja hakuyasoma: dereva hana leseni, au gari la nyumbani limebeba abiria wa kulipa. Basi, kabla ya kutoa fedha, soma mkataba, hasa sehemu ya yasiyofidiwa, na uulize utachangia kiasi gani ajali ikitokea. Unafuu wa bei haukusaidii usipojua umenunua kinga ipi.