MAJI KUWA MEUPE SIYO KUWA SALAMA
Mazungumzo kwa walimu wa shule za msingi juu ya majaribio ya kusafisha maji



Katika masomo yote ya sayansi ni machache yapendwayo na watoto kama lile la kuchuja maji. Mtoto huleta chupa ya maji ya mto, yenye rangi ya uji wa wimbi, akayamimina juu ya mchanga, na upande wa chini yakatona maji meupe. Darasa zima hushangilia. Na papo hapo ndipo ilipo hatari ya somo hili, kwa kuwa mtoto mmoja, pengine yule aliye hodari kuliko wote, hunyosha mkono akatwaa kikombe, akanywa.

Mazungumzo haya ni juu ya kikombe hicho. Mwalimu asipokuwa mwangalifu, atakuwa amewafundisha watoto arobaini jambo la uongo, nao watalipeleka nyumbani jioni ile ile: kwamba maji yakiisha kuwa meupe yamekuwa salama.

Kwamba macho hudanganya si jambo jipya. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho mjini London. Daktari mmoja, John Snow, alichunguza nyumba za waliokufa akaona kwamba wengi wao walikuwa wakiteka maji katika pampu moja iliyokuwa Broad Street. Maji yale hayakuwa ya tope. Watu waliyasifu kwa utamu wake. Palikuwa na mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, naye aliyapenda hata akawa akiletewa chupa yake kutoka huko. Alikunywa, akapatwa na kipindupindu, akafa, ingawa maradhi yale hayakuwapo kwa majirani zake. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile uliondolewa.

Basi majaribio na yaanze kwa mpango, kila moja lionyeshe ni kitu gani liwezacho kuondoa na kitu gani lisiloweza.

La kwanza ni la kutuliza tope. Zitwaliwe bilauri mbili za maji ya mto. Katika moja mwalimu atie shabu iliyosagwa, kiasi cha ncha ya kisu, akoroge upesi kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika chache, na bilauri zote mbili zikae nusu saa. Ile isiyotiwa kitu itabaki na tope lake. Ile ya shabu itaonyesha madonge madogo yakishuka chini kama maziwa yaliyogandamana. Sababu yake ni hii: chembe za udongo zina umeme wa namna moja, kwa hiyo husukumana zisikutane, shabu huuondoa umeme huo, nazo zikashikana, zikawa nzito. Mahali ambapo shabu haipatikani, mbegu za mlonge zafaa. Mbegu moja au mbili kwa lita moja humenywa, hutwangwa, huchanganywa na maji safi kidogo, huchujwa kwa kitambaa, na yale maji yake hutiwa katika maji ya tope. Hayo yataka subira ya saa moja au mbili. Wanawake wa Sudan waliyajua haya zamani, kabla wataalamu hawajayapima maji ya Mto Nile waliyokuwa wakiyasafisha.

La pili ni chujio lenyewe. Chupa ya plastiki hukatwa kitako na kupinduliwa, mdomo wake ukafungwa kitambaa. Ndani hutiwa makaa yaliyopondwa, kisha mchanga laini, kisha mchanga wa chembe kubwa, na juu kabisa kokoto. Vyote vioshwe, tena vioshwe mara nyingi. Walimu wengi huona uvivu kuosha mchanga, na maji yao hutoka machafu kuliko yalivyoingia, nao hulaumu kitabu! Makaa nayo hupunguza harufu na rangi; walakini makaa ya jikoni hayana nguvu sawa na yale yaliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo watoto watakaposhangilia, na hapa ndipo mwalimu atakapowazuia. Atwae maji yaliyochemshwa na kupoa, ayatie kijiko cha chumvi, ayachuje mbele yao kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha amwite mtoto aonje. Bado ni ya chumvi. Atwae na chai ya rangi, aichuje vivyo hivyo, itatoka chai. Baada ya hayo aulize: je, ndani ya yale maji meupe ya chujio la mchanga hakuna kilichopita?

Ni haki kuwaambia watoto kwamba chumvi iliyoyeyuka ni ndogo mno kuliko vijidudu vya maradhi. Jaribio hili lathibitisha neno moja tu, kwamba jicho si mwamuzi. Lakini vijidudu nao ni wadogo vya kutosha. Mdudu wa kipindupindu ni mfupi hata mia tano wakipangwa mstari mmoja, kichwa kwa mkia, hawapiti sana milimita moja. Nafasi iliyo kati ya punje za mchanga ni pana kwao mara makumi; hupita humo kama kuku apitavyo katika lango la ng'ombe.

Yawezekana mwanafunzi mwerevu akauliza: ikiwa mchanga hauwazuii, mbona miji mingi huchuja maji yake kwa mchanga? Swali hilo lastahili jibu kamili. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,600. Mji huo ulikuwa ukinywa maji ya Mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nao, ulichota maji katika mto ule ule, tena chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia, lakini uliyapitisha katika mchanga; nao uliokoka kwa sehemu kubwa. Palikuwa hata na barabara moja ambayo upande wake wa Hamburg ulikuwa na wagonjwa na upande wa Altona haukuwa nao. Dkt. Robert Koch, yule aliyefika Visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale, aliyaeleza haya kwa urefu.

Siri ya Altona haikuwa mchanga mtupu. Katika chujio la namna ile maji hushuka polepole sana, sentimita 10 hadi 20 tu kwa saa, na juu ya mchanga huota utando wa viumbe wadogo ambao huwanasa na kuwala vijidudu vya maradhi. Utando huo huchukua siku nyingi, pengine majuma, kabla ya kukomaa. Chujio la darasani lina umri wa nusu saa, na maji hupita humo kwa dakika mbili. Vitu hivi viwili vina jina moja, lakini si ndugu.

Kwa hiyo baada ya kuchuja kuna kazi ya kuua. Kuchemsha ndiyo njia iaminikayo kuliko zote: maji yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, na katika nchi iliyoinuka kupita mita 2,000, kama Limuru, dakika tatu. Wenye kipimajoto watafurahi kuona kwamba mjini Nairobi maji hutokota yakiwa na joto la karibu nyuzi 95 wala si 100, kwa sababu ya mwinuko wa nchi. Hata hivyo joto hilo latosha kabisa.

Kuni na makaa vyataka fedha, na kuna nyumba ambazo moto wa chakula wenyewe hupatikana kwa shida. Kwao kuna jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, huvuliwa karatasi yake, hujazwa maji na kulazwa juu ya bati tangu asubuhi. Saa sita za jua kali hutosha. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, siku mbili. Siku za mvua ya mfululizo njia hii haifai. Mwaka 1996 jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilitangaza uchunguzi uliofanywa kwa watoto 206 wa Kimasai nchini Kenya: wale ambao chupa zao ziliwekwa juani waliugua kuhara kwa uchache kuliko wale ambao zao zilikaa ndani ya nyumba. Lakini maji ya tope hulizuia jua, na hapo ndipo shabu na mchanga vinapopata heshima yake. Ili kupima, chupa husimamishwa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, na mtu akachungulia kutoka juu. Akishindwa kuyasoma maneno, maji yarudi katika chujio.

Kwa shule za Bonde la Ufa kuna neno la ziada. Maji ya visima vingi vya upande wa Nakuru yana madini ya floridi, ndiyo yatiayo meno ya watoto madoa ya kahawia. Moto hauyaondoi, maji yakipungua kwa kuchemka, madini huzidi. Huko hutumika chujio la makaa ya mifupa ya ng'ombe, au maji ya mvua. Mwalimu aweza kueleza sababu kwa birika la maji ya chumvi na sahani baridi iliyoshikwa mbele ya mvuke wake: matone yanayoanguka hayana chumvi, yote imebaki birikani.

Somo likiisha, maji yote yaliyopita katika chujio la darasa yamwagwe mbele ya watoto, katika bustani ya shule, kabla kengele haijalia.