Masjala ya Barua Pepe: Namna Nyayo za Matapeli Zinavyofuatiliwa

Ifuatayo ni mada ya Kitengo cha TEHAMA kuhusu usalama wa barua pepe katika ofisi za umma, iliyowasilishwa mbele ya wakazi wa kata.



Kila mwananchi aliyewahi kufuatilia barua yake katika ofisi ya halmashauri anaifahamu masjala. Humo kila barua inayoingia huandikwa daftarini: imetoka kwa nani, imepokelewa tarehe gani, inahusu nini na imepelekwa kwa ofisa yupi. Barua ikipotea, au ikibainika kuwa ya kughushi, hatua ya kwanza ni kulifungua daftari hilo.

Barua pepe nazo zina daftari lake. Seva inayozipokea huandika kumbukumbu ya kila ujumbe unaoingia na unaotoka. Mada hii inaeleza namna kumbukumbu hizo zinavyoulizwa maswali pale tapeli anapobisha hodi. Jambo hilo haliwahusu wataalamu wa kompyuta peke yao, kwa sababu fedha inayowindwa ni ya dawa za zahanati, madawati ya shule na matengenezo ya visima.

HADAA KWA BARUA PEPE

Wengi wamewahi kupokea ujumbe wa simu usemao, "Ile hela tuma kwa namba hii." Barua pepe ya hadaa ni ndugu wa ujumbe huo. Hujifanya imetoka benki, wizarani au kwa mzabuni, na hutaka moja kati ya mambo mawili: mtumishi aandike nywila yake katika ukurasa wa bandia, au fedha ihamishiwe akaunti nyingine.

Hadaa hiyo inawezekana kwa sababu ya namna barua pepe ilivyoundwa. Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizochapishwa mwaka 1982 hazikuweka njia ya kuthibitisha mtumaji. Kama vile mtu yeyote anavyoweza kuandika jina alitakalo nyuma ya bahasha, ndivyo tapeli anavyoweza kuweka jina la Mkurugenzi juu ya ujumbe wake.

Madhara yake yameonekana duniani. Mwezi Februari 2016, wahalifu walituma maagizo ya uongo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 za Benki Kuu ya Bangladesh zilizokuwa New York. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Hati ya mashtaka iliyotolewa Marekani mwaka 2018 ilieleza kuwa mapema mwaka 2015 watumishi wa benki hiyo walikuwa wamepelekewa barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, zikiwa na kiungo cha kupakua wasifu wake. Kati ya barua na wizi ulipita mwaka mzima. Wapelelezi waliunganisha barua hizo na mashambulizi mengine kwa kufuata kumbukumbu za akaunti zilizotumika.

MASWALI MANNE

Chukulieni mfano. Mtumishi wa idara ya fedha anapokea barua pepe yenye jina la mzabuni wa madawati, ikiomba ankara ilipwe kupitia akaunti mpya ya benki. Anatilia shaka na kutoa taarifa. Ofisa TEHAMA anafungua kumbukumbu na kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: nani mwingine ameipokea? Tapeli hupiga hodi milango mingi. Ofisa hutafuta ujumbe wote uliotoka kwa anwani hiyo katika siku za karibuni. Hata hivyo hasimami hapo, kwa kuwa anwani hubadilishwa kwa urahisi. Hutafuta tena kwa kichwa cha habari, kisha kwa kiungo kilichomo, kisha kwa alama ya utambulisho ya kiambatisho, ambayo hubaki ileile hata faili likipewa jina jipya. Aliyeanza na barua moja anaweza kukuta kumi.

Swali la pili: imetoka wapi hasa? Kila seva inayoipokea barua huigonga muhuri wake, na mihuri hiyo husomwa kuanzia chini kwenda juu. Ya chini kabisa yaweza kughushiwa. Uliogongwa na seva ya ofisi yenyewe ndio wa kuaminiwa. Kumbukumbu huonyesha pia kama seva iliyoileta imeruhusiwa kutumia jina hilo, na kama saini yake ya kidijitali ni halali. Tahadhari ni moja: barua inaweza kufaulu majaribio yote na bado ikawa ya tapeli, iwapo amesajili jina linalofanana na la kweli au ameiba sanduku halisi la mzabuni.

Swali la tatu: nani amebonyeza? Mifumo yenye ulinzi wa viungo huandika aliyefungua kiungo na wakati aliokifungua. Hapa ndipo kazi inapogawanyika. Aliyepokea tu huondolewa barua hiyo katika sanduku lake. Aliyebonyeza na kuandika nywila hubadilishiwa nywila, na vikao vyote vilivyo wazi katika akaunti yake hufungwa.

Swali la nne: kilifuata nini? Ofisa hulinganisha kumbukumbu za barua na zile za kuingia katika akaunti. Je, akaunti imefunguliwa kutoka mahali pasipo pa kawaida? Je, imewekwa kanuni ya kupeleka nakala za barua kwa mtu wa nje? Kanuni ya namna hiyo huweza kubaki hata nywila ikibadilishwa, na tapeli akaendelea kusoma taarifa za malipo kimyakimya.

KUSOMA KWA HAKI

Kumbukumbu husema kweli kwa anayejua kuisoma. Mifumo mingi huandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kumbukumbu iliyoandikwa 01:12 si saa 7:12 usiku. Ni saa 10:12 alfajiri. Iliyoandikwa 05:12 ni saa 2:12 asubuhi, mtumishi akiwa mezani pake kihalali. Asiyelijua hili anaweza kumtuhumu mtumishi mwaminifu kwamba alifungua mfumo kabla ya jogoo kuwika. Kwa hiyo saa huhakikiwa kwanza, ndipo jina la mtu litajwe.

Wapo pia wananchi wanaouliza: je, uchunguzi huu si kusoma barua za watu? Kwa sehemu kubwa kinachochunguzwa ni bahasha: mtumaji, mpokeaji, wakati, kiungo na njia iliyopitiwa. Hata hivyo, bahasha nayo hubeba taarifa za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za namna hiyo zitumike kwa lengo halali na lililo wazi. Kumbukumbu hazifunguliwi kwa udadisi wala kwa kumtafutia mtu kosa.

Adui mkubwa wa uchunguzi ni ukimya. Kumbukumbu hazihifadhiwi milele. Katika baadhi ya mifumo zinapatikana kwa urahisi kwa siku 30 tu. Mtumishi aliyebonyeza kiungo akaona haya kusema, huwapa matapeli muda na huwanyima wachunguzi ushahidi. Anayetoa taarifa ndani ya saa moja ameokoa zaidi ya alichoharibu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

WAJIBU WA WAKAZI

Barua pepe rasmi za Serikali hutumia anwani zinazoishia na .go.tz. Isomeni anwani hadi herufi ya mwisho, kwa sababu tapeli huweza kuyapachika maneno hayo katikati na kumalizia kwa jina lake.

Malipo ya halmashauri hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, si kwa namba ya simu wala akaunti ya mtu binafsi. Atakayedai vinginevyo, aulizwe katika ofisi ya kata kabla ya shilingi kutoka mfukoni.

Wazabuni na vikundi vinavyofanya kazi na halmashauri wasikubali badiliko lolote la akaunti ya benki kwa barua pepe pekee. Wapige simu kwa namba waliyokuwa nayo tangu awali, si iliyoandikwa ndani ya barua yenye shaka.

Mwenye barua ya kutilia shaka asiifute. Picha ya skrini haibebi mihuri ya seva, na ushahidi umo katika ujumbe wenyewe. Aitunze na kuionyesha kwa ofisa wa kata au wa TEHAMA. Ujumbe wa simu wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040. Aliyekwisha kuibiwa afike polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa msingi wa kuchukua hatua.

Daftari la masjala halimzuii mwizi kubisha hodi. Huonyesha alipopita, alichogusa na mlango uliobaki wazi. Ili lifunguliwe kwa wakati, ni lazima mtu mmoja aseme mapema kwamba ameona jambo asilolielewa.