Habari za Kujitawala Nafsi
Maneno waliyoambiwa vijana wa Dayosisi jioni ya Yubilei, Forodhani, Unguja



Tumepewa kusema kwenu habari za kujitawala nafsi, nasi tumeonywa tusikawie, kwa kuwa wapishi wa Forodhani wamekwisha kupanga meza zao nyuma yetu, na harufu ya mishikaki ni mpinzani mkubwa wa msemaji awaye yote. Lakini mahali hapa panafaa sana kwa habari hii. Bustani hii ilikuwa ukumbusho wa yubilei ya miaka 25 ya Seyyid Khalifa bin Harub, mwaka 1936. Basi neno yubilei si geni hapa. Na kabla ya maua na viti palikuwa na forodha yenyewe, ndiyo iliyopapa mahali jina. Pembe na karafuu na nguo zilihesabiwa. Na katika miaka ya biashara ile ya aibu watu nao walihesabiwa, wakatozwa ushuru kwa kichwa kama marobota.

Kwa watu hao tutarudi. Kwanza tujibu neno tulisikialo kwa vijana kila siku: "Mwalimu, lipasalo nalijua, ila sina hamu. Nikipata hamu nitaanza." Mmoja asema hivi kwa habari ya masomo, mwingine kwa habari ya kuweka akiba, mwingine kwa habari ya kuacha pombe, na wengi, tena si vijana peke yao, kwa habari ya sala. Hatuwacheki. Hamu ni kitu cha kweli, na kazi ifanywayo pasipo hamu ni nzito. Lakini tazameni majahazi. Nahodha hana amri juu ya kusi wala kaskazi. Aliwezalo ni kukipandisha chombo pwani siku za maleleji, wakati upepo haujulikani utokako, akakitia kalafati, akakipaka deheni chini na sifa ubavuni, akashona tanga. Kazi hiyo inanuka, wala hakuna aifanyaye kwa furaha. Upepo ukija, aliyekwisha kuifanya hutweka. Na aliyeungojea upepo ndipo aanze kuziba nyufa, husimama pwani akiwatazama wenzake.

Basi jibu ni jepesi, mtasema: vijana walazimishwe. Sisi wazee twalipenda mno jibu hili. Twasema, "Warudishieni kengele na fimbo, watajitawala." Hapo ndipo tuombapo mrudi nasi kwenye forodha ile ya kale. Mtumwa naye aliamka alfajiri. Alichuma karafuu, alichukua mizigo, hakuchelewa. Kwa kutazama kwa macho tu, nani aliyekuwa na nidhamu kumpita yeye? Lakini nidhamu ile haikuwa mali yake. Ilikuwa mali ya mwenye fimbo, nayo ilienda pamoja naye alikokwenda. Mtu anayetenda kwa kuwa ametazamwa hajajitawala bado, hata akitenda vema miaka 20.

Hii ndiyo kazi iliyowakabili walimu wetu wa kwanza, nasi twaiona ilikuwa ngumu kuliko kujenga kanisa. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja pamoja na Dakta Steere, Seyyid Majid alimpa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Wengine wengi wakafuata, wakalelewa Kiungani, na wasichana Mbweni. Watoto hawa walikuwa wamezoea kuamriwa tu. Je, utamfundishaje mtoto kama huyo kujiamuru? Walimu wakaweka saa: saa ya sala, saa ya darasa, saa ya kazi za mikono na ya kupiga chapa vitabu. Hatusemi hawakukosea. Saa zikizidi, mtoto aweza kubadili bwana tu, akaitii kengele kama alivyoitii fimbo.

Nasi twalijua hilo kwa nafsi zetu. Tulisoma katika shule ya bweni, na kengele ililia saa kumi na moja ya alfajiri, hata tukajiona watu hodari sana. Tulipomaliza tukarudi nyumbani, wiki ya kwanza tuliamka kwa mazoea. Wiki ya pili tulilala mpaka jua likaingia dirishani, na kitabu cha sala kikawa chini ya nguo sandukuni. Mama yetu alituuliza neno moja tu: "Kumbe ile iliyokuwa ikisali ni kengele?" Hatukuwa na la kumjibu.

Mtu aliyevuka mtihani huo ni Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa Kiungani. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, bara ya kusini, mbali na kengele zote za Unguja. Na mwaka 1890 aliwekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni yetu. Fikirini asubuhi zake kule. Hapana mwalimu mkuu wa kumwuliza kama amesali, wala wa kuona kama darasa limeanza saa yake. Hatudhani kwamba kila asubuhi aliamka na hamu. Yeye alikuwa mtu kama sisi. Ila sababu ya kuamka ilikuwa imekwisha kuwa yake mwenyewe.

Sasa, sababu huwaje ya mtu mwenyewe? Hapa hatuoni haya kujifunza kwa majirani zetu Waislamu, ambao twakaa nao mlango kwa mlango. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa Unguja, afungaye Ramadhani hutia nia ya saumu kila usiku. Hatii nia moja ya mwezi mzima akalala. Kila usiku aanza upya, kwa siku moja tu iliyo mbele yake, wala hajiulizi kama kesho atakuwa na hamu ya njaa. Tena siku iliyompita kwa ugonjwa au kwa safari huilipa baadaye. Haachi mwezi wote kwa ajili ya siku moja. Sisi, kinyume chake, Jumatano ya Majivu twaweka nadhiri kubwa kubwa za siku 40. Juma la tatu twakosa mara moja. Basi twasema, "Mwaka huu imeharibika," tukaacha kabisa mpaka Pasaka. Tumeona wengi walioanguka hivyo, na mara nyingine tulikuwa miongoni mwao. Hamu ni jambo la kupatwa nalo. Nia ni jambo la kutia, nayo yatiwa usiku, kabla ya kujua kesho itakuwaje.

Hivyo ndivyo na sisi tulivyokitoa kitabu kile sandukuni. Hatukurudia saa zote za shule, maana tulijaribu mara mbili tukashindwa. Tulichagua zaburi moja, asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai. Tena usiku tulikiweka kitabu juu ya birika, ili tusiweze kupata chai bila kukishika. Miezi ya kwanza ilikuwa kavu kabisa. Hamu ilikuja nyuma, polepole, kama mtoto amfuataye mama yake sokoni; siku nyingine yupo, siku nyingine amesimama njiani akichezea mawe. Tulijifunza kutomngoja.

Neno moja bado, la Mkunazini. Mwajua kwamba soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Kuzaliwa kwake Bwana mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Husimuliwa kwamba siku moja Askofu Steere hakuwapo, na waashi wakasimamisha nguzo zilizo upande wa magharibi kichwa chini miguu juu. Naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Wageni huonyeshwa nguzo hizo wakacheka, hata wenye kuwaongoza hucheka. Sisi twaisikia habari hiyo kwa namna nyingine. Msimamizi alikuwa hayupo, katika uwanja ambapo jana watu waliendeshwa kwa kiboko, nao waashi hawakulala kivulini wakimngoja, walinyanyua mawe. Kesho mkiingia kwa ibada, piteni upande ule mzitazame. Sasa twawaachia wapishi nafasi yao.