Hazina ya Amana ya Nyumba: Hotuba ya Kamati katika Harambee ya Mwaka

 

Nyumbani kumebadilika. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 katika Kiambu. Ya 2019 ikahesabu 2,417,735. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka wa 2012, Nairobi ilitufikia mlangoni. Palipokuwa na kahawa pakapimwa ploti, na maghorofa yakachipuka kuanzia Ruiru hadi Juja.

Tusijidanganye, wengi wetu tulifaidika. Tuliuza nusu ekari tukasomesha watoto. Tulijenga vyumba vya kupangisha, na kila Januari tukaongeza kodi. Lakini leo mwalimu wa watoto wetu hupanda matatu alfajiri kutoka mbali kwa sababu hamudu kodi za hapa. Kijana aliyezaliwa hapa analipa kodi kwenye ploti iliyokuwa shamba la babu yake. Hao ndio waliotufanya tusimame mbele yenu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024. Chini yake mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Tunajua tulivutana kuhusu tozo hii hata ndani ya chama. Wapo waliofurahi Mahakama Kuu ilipoikataa ile ya kwanza Novemba 2023. Hatukuja kufufua ugomvi huo. Pesa zinakatwa. Swali ni moja: watu wetu watapata nyumba, au watalipia za wengine?

Sheria inapanga watu kwa kipato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za kijamii. Wa 20,000 hadi 149,000 amewekewa nyumba za bei nafuu. Lakini mlangoni pana kizingiti. Sheria ilipopitishwa ilimtaka mnunuzi aweke amana ya asilimia 10. Kwa nyumba ya shilingi milioni 1, hiyo ni shilingi 100,000. Fundi anayepata 30,000, akishalipa kodi, nauli na karo, atazitoa wapi? Atakayetangulia ni yule mwenye akiba tayari.

Hapo ndipo tunaomba mtushike mkono. Kamati imekubaliana kwamba mchango wa mwaka huu uanzishe hazina ya amana. Mwanachama mwenye kipato kidogo atakopeshwa 100,000 bila riba, arudishe 4,000 kwa mwezi kwa miezi 25. Pesa zikirudi, zinamwendea mwingine. Mkopo utalipwa moja kwa moja kwenye amana ya nyumba, hautapitia mkononi mwa mtu, na hesabu zitasomwa mbele yenu kila mwaka.

Tutaweka pia meza ya kuwasaidia wanaojisajili kwenye Boma Yangu. Njoo na kitambulisho na PIN ya KRA. Mama mboga asiye na simu ya intaneti asilazimike kumlipa mtu wa kumjazia fomu.

Kwenu wenye ploti tuna ombi lisilohitaji mchango. Mkijenga, jengeni vyumba vyenye maji, choo na dirisha. Mkipandisha kodi, mwambieni mpangaji mapema. Mpango wa serikali hautamfikia kila mtu, na wengi wataendelea kulala kwenye nyumba tulizojenga sisi.

Tumewahi kuchangia madarasa, maji na zahanati tukiwa na kidogo kuliko tulicho nacho leo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Fomu ya ahadi iko mwisho wa kijitabu hiki. Ijaze kabla hujaondoka.