Tutakwenda kwa Mwendo Wake

Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika kipindi cha asubuhi
Somo: Mwanzo 33:12-14

Popote mlipo asubuhi hii, mkiwa jikoni mnawasha moto, au njiani kwenda kazini, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, tunaomba mtupe dakika chache tukae pamoja.

Somo letu ni habari ya ndugu wawili, Yakobo na Esau. Mnakumbuka ya kuwa waliachana kwa ugomvi, wakakaa mbali miaka mingi, hata siku moja wakakutana njiani, wakakumbatiana na kulia. Esau alikuwa mtu wa nyika, mwenye nguvu, na pamoja naye walikuwa watu 400. Akamwambia ndugu yake waondoke, waende pamoja. Lakini Yakobo alitazama nyuma yake, akaona watoto ambao bado ni wachanga, akaona kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha. Akamjibu Esau kwa heshima kwamba wanyama wale wakiharakishwa hata siku moja tu, watakufa wote. Akamwomba atangulie, naye atafuata polepole kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na wa watoto.

Sisi watu wa Ukambani twalielewa neno hili bila kufundishwa sana. Aliyechunga mbuzi wakati wa kiangazi, akiwapeleka kunywa maji katika Mto Tiva au Mto Athi, anajua ya kuwa kundi haliendi kwa mwendo wa beberu aliye mbele. Laenda kwa mwendo wa yule aliyezaa jana. Mchungaji akisahau hilo, jioni atahesabu na hesabu haitatimia.

Basi twataka kuwaeleza jinsi neno hili lilivyoingia katika nyumba yetu. Sisi ni mtu na mkewe. Makao yetu ni upande wa Kitui, katika kazi ya kanisa. Kwao mama wa nyumba hii ni Makueni, ng'ambo ya Mto Athi, katika vilima vya upande wa Nzaui. Mama huyu ana ugonjwa wa moyo.

Alipokuwa msichana wa miaka kama kumi, aliumwa na koo. Ni nani katika siku zile aliyempeleka mtoto hospitali kwa ajili ya koo tu? Alipewa maji ya moto yenye chumvi, koo likapoa. Baada ya majuma machache magoti yakavimba, kisha viwiko, maumivu yakihama kutoka kiungo kimoja mpaka kingine, na homa ikampata. Hayo nayo yakaisha. Watu wakasema ni mtoto anakua.

Lakini hayakuisha. Madaktari wametueleza ya kuwa wako vijidudu fulani vya koo ambavyo, visipotibiwa kwa dawa, huweza kuufanya mwili, katika kupigana navyo, uudhuru moyo wake wenyewe. Moyo una milango minne midogo, ambayo damu hupitia bila kurudi nyuma. Kwa siku moja moyo hupiga mara kama 100,000, na kila mara milango hiyo hufunguka na kufungwa. Ikiingia makovu, hukakamaa, na damu hukwama au kurudi ilikotoka. Huu ndio ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Homa yenyewe huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Moyo ulioumia huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ugonjwa ukatokea ukubwani, na kwa wanawake wengi hutokea wakati wa mimba, maana wakati huo moyo una kazi kubwa zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Katika mimba ya tatu mama hakuweza kulala chali. Alikesha akiwa ameegemea ukuta, akitafuta pumzi. Mahali pamoja tulipewa dawa ya pumu, tukazunguka nayo majuma mengi bila nafuu. Mwishowe daktari mmoja aliweka chombo chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akasikiliza tena, ndipo tukajua. Mungu alirehemu, mtoto akazaliwa salama. Baadaye mama alipasuliwa huko Nairobi, akawekewa mlango wa moyo uliotengenezwa na watu. Usiku, nyumba ikiwa kimya, twausikia mlango huo ukilia taratibu kama saa. Wakati wa kwanza sauti ile ilitutia hofu. Siku hizi hutupa usingizi.

Wasikilizaji wapenzi, watu wengi hudhani ya kuwa upasuaji ukiisha, ugonjwa nao umeisha. Sivyo. Kila jioni, kwa saa ile ile, mama humeza tembe ya kuzuia damu isigande katika mlango ule. Mara kwa mara huenda hospitali damu yake ipimwe, isiwe nzito mno wala nyepesi mno. Kila baada ya majuma manne hudungwa sindano ya penisilini, ili homa ile ya utoto isirudi. Akiumwa na kichwa, hanunui dawa yoyote dukani kabla ya kuuliza, maana ziko dawa za maumivu zinazoweza kumtoa damu ndani.

Hata mboga tumejifunza upya. Sukuma wiki na majani ya kunde yana kitu kinachopunguza nguvu ya tembe ile. Hakukatazwa kula, ila aliambiwa ale kwa kiasi kile kile, leo kama jana. Na ninyi mwajua mambo ya kwetu: mvua ikinyesha, kila nyumba hula majani ya kunde asubuhi na jioni, na kiangazi kikija hayaonekani kabisa. Kwa hiyo majira yakibadilika twamwarifu daktari.

Tena liko jambo la maji. Zamani mama alibeba mtungi kwa ukanda kichwani kutoka visima vya mchanga mtoni, kama wanawake wenzake. Sasa hawezi kuubeba. Basi mchungaji wa kanisa alionekana njiani akimswaga punda wa maji, na maneno yakaanza. Wengine walisema mama mchungaji amekuwa mvivu, wengine walisema amerogwa. Yuko na mhubiri mmoja mgeni aliyemwombea, kisha akamwambia atupe dawa zake kuwa ishara ya imani. Mama akamwuliza kwa upole, "Baba, ukiisha kuombea chakula, je, wautupa unga?" Yule mhubiri hakujibu.

Lakini leo hatukuja kuwasema watu wengine. Twataka kuungama kosa letu wenyewe.

Mwaka mmoja, katika likizo ya Agosti, kanisa letu lilifanya matembezi kwenda kwenye jiwe la Nzambani. Mnalijua jiwe lile kubwa, ambalo si mbali na mji wa Kitui, na ambalo wazee husema kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume huwa mwanamke na mwanamke huwa mwanamume. Iko ngazi ya chuma ya kupandia. Vijana walikuwa wakiimba, na sisi tuliowaongoza tulitaka kufika juu kabla jua halijawa kali. Mama aliiangalia ngazi ile. Kabla hajasema neno tukamwambia, "Wewe kaa hapa chini, utulindie viatu na mifuko." Tukapanda. Tukaiona nchi yote, tukapigwa picha, tukaomba, tukaimba. Tuliposhuka, karibu saa mbili zilikuwa zimepita. Tukamwuliza kama amepumzika vizuri.

Akasema, "Nimepumzika. Lakini sikuja kupumzika. Nilikuja kuwa pamoja nanyi."

Neno lile lilituchoma. Tulikuwa tumejisifu ya kuwa hatumharakishi, kumbe tulikuwa tumemwacha. Ndipo tuliposoma tena habari ya Yakobo na kuona ya kuwa alikwepa makosa mawili. Hakuwaharakisha wale wadhaifu wafuatane na watu 400 wa Esau. Wala hakuwaacha njiani yeye akaenda na ndugu yake. Alichagua njia ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye nguvu: alipunguza mwendo wake mwenyewe.

Muda si mrefu tukajaribiwa. Habari ilikuja kutoka Makueni kwamba mama mzazi wa mke amefariki. Tulisafiri kwa barabara ya Mutomo na Ikutha, tukavuka Mto Athi hadi Kibwezi, tukapita Makindu na Emali, kisha tukashika njia ya Wote. Dawa zilikuwa katika mkoba wake mwenyewe, si ndani ya mizigo, pamoja na barua ya daktari. Tulisimama mara kadhaa, akashuka, akanyosha miguu, akanywa maji kidogo.

Lakini nyumba ya marehemu iko juu ya kilima, na gari haliwezi kufika. Mtu mzima hupanda kwa muda wa robo saa. Kaka yake mkubwa alitupokea chini, akasema, "Dada, kaa hapa kwa jirani. Sisi tutamzika mama, kisha tutakuja kukueleza yote." Alisema kwa upendo, tena kwa hofu, maana hakutaka kuchimba makaburi mawili.

Mama akajibu, "Mama alinipandisha kilima hiki akinibeba mgongoni. Leo nitakipanda mimi."

Tulikuwa tumempigia daktari simu kabla ya safari. Hakumkataza. Alisema apumzike kabla hajachoka, asingoje mpaka achoke. Tena alisema, wakati wa kutembea, akiona hawezi kusema maneno yake bila kuhema, asimame mara moja na kukaa. Mazishi yalikuwa saa sita mchana. Sisi tulianza kupanda saa tatu asubuhi.

Mpwa wetu alibeba kigoda. Tulitembea hatua chache, mama akakaa. Tukatembea tena, akakaa chini ya mwembe. Akina mama waliokuwa wakipanda na sufuria zao walitukuta pale, wakatua mizigo, wakakaa nasi. Mmoja akaanza kueleza jinsi marehemu alivyompa mbegu za ndengu mwaka wa njaa. Mwingine akaeleza jingine. Tulipoondoka, nao wakaondoka pamoja nasi. Kwenye kituo cha tatu tulikuwa watu wengi, na wimbo ukaanzishwa, wa polepole. Hata kasisi aliyetazamiwa kuongoza ibada alitukuta njiani, akakaa chini juu ya jiwe na kanzu yake mkononi, hakututangulia.

Tulifika kabla ya saa tano. Hakuna aliyechelewa kwa ajili yetu. Mama alitupa udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Mzee mmoja wa ukoo aliposimama kusema, alisema hivi: "Mazishi haya yalianza njiani."

Ndugu msikilizaji, labda wewe ndiwe mwenye moyo mgonjwa. Usione haya kukaa kwenye kigoda. Meza dawa zako, enda siku yako ya hospitali, uliza daktari kabla ya safari, sema mapema unapochoka. Ukificha udhaifu wako, wanaokupenda hawatajua waende kwa mwendo gani.

Labda wewe ni mzima, na mgonjwa ni mumeo, au mama yako, au jirani. Usimharakishe, wala usimwache alinde viatu. Mwulize, "Twaweza kwenda pamoja namna gani?" Mkumbuke Bwana Yesu alipokuwa akienda nyumbani kwa Yairo. Ilikuwa safari ya haraka, mtoto alikuwa karibu kufa. Hata hivyo mwanamke aliyekuwa mgonjwa miaka 12 alipogusa vazi lake, alisimama, na umati wote ukasimama pamoja naye, mpaka mwanamke huyo akamweleza habari yake yote. Wala yule binti wa Yairo hakupotea kwa sababu Bwana alisimama.

Na labda wewe ni mzazi. Mtoto wako akiumwa na koo na kuwa na homa, usiridhike na maji ya chumvi. Mpeleke kwenye zahanati atazamwe. Akipewa dawa, amalize zote, hata kama koo limepoa siku ya pili. Mwaka 2018 mataifa yaliyokutana Geneva katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani yalipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, maana waweza kuzuilika. Lakini azimio la Geneva halitafika Mutomo au Mbooni kama mama au baba hatamshika mtoto mkono na kumpeleka.

Tuombe.

Ee Bwana, Mchungaji wetu mwema, wewe wazijua pumzi zetu, nawe wahesabu mapigo ya mioyo yetu. Wape nguvu ya leo wale ambao mioyo yao ni dhaifu. Wape madaktari na wauguzi hekima na uvumilivu. Utusamehe sisi tuliotangulia mbele na kuwaacha wenzetu nyuma. Utufundishe kupunguza mwendo, ili sote tufike nyumbani kwako, asikosekane hata mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.