Tuwasaidie Vijana Waache Sigara

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Siongiroi)



Leo hatukuja kugombeza wavutaji. Tumegombeza vya kutosha. Kuna kijana tuliyemfukuza katika kikundi cha miche kwa sababu ya sigara. Je, aliacha? Hapana. Alizidi kuvuta, na sisi tukampoteza. Basi tukajiuliza: wenzetu wanaofaulu, wao hufanya nini?

Kwanza, simu. Hapa Kenya shirika la serikali, NACADA, lina nambari 1192. Kupiga ni bure, na anayejibu ni mshauri.

Pili, ujumbe mfupi wa simu. Kule New Zealand vijana 1,705 waliingia katika mpango wa namna hii, na matokeo yakatolewa mwaka 2005. Baada ya wiki 6, katika kila 100 waliotumiwa maneno ya kuwasaidia kuacha, 28 walisema wameacha. Kwa wale wasiotumiwa, ni 13. Lakini tusijidanganye: hata kwa msaada, wengi walikuwa bado wanavuta. Kuacha ni kazi, na anayeshindwa leo ajaribu tena kesho.

Tatu, kikundi. Marekani kuna mpango uitwao Not On Tobacco, wa vijana wa miaka 14 hadi 19. Hukutana mara 10 na kiongozi mmoja, wakifundishana kukataa sigara ya rafiki na kuvumilia hamu. Ile hamu, jamani, hukaa dakika chache tu halafu hupita. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi.

Nne, dawa. Chingamu na plasta za nikotini ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kijana asijinunulie tu. Amwone mhudumu wa afya kwanza.

Sasa tuje nyumbani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Inakataza pia kuuza sigara moja moja. Kijana hana pesa ya pakiti, ana pesa ya sigara moja. Anaipata wapi? Mara nyingine ni kwa kioski cha kikundi, na ile faida tunaiandika kwa daftari letu! Huko ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kioski cha kikundi kiache kuuza sigara, hata kama mfuko utapungua. Kila kikundi kichague watu wawili wa kukaa na vijana kila wiki, bila matusi. Na asifukuzwe mtu.

Yule kijana wa miche je? Jumapili baada ya Misa tutamwendea kwao, tumwombe arudi. Nani ataandamana nasi?