Betri Inakufa Usiku: Mwizi Yuko Wapi?
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vyenye gari)



Leo tuzungumze juu ya gari la kikundi. Jioni linarudi salama. Asubuhi maziwa yako tayari, dereva anazungusha ufunguo, gari linasema "tik", basi. Akina mama wanaitwa kusukuma. Mwisho wa mwezi mweka hazina anaambiwa atoe pesa za betri mpya. Baada ya muda mfupi shida ni ile ile, na sasa dereva anashukiwa kwamba analala akisikiliza redio. Kabla ya kununua betri au kulaumu mtu, tupime.

Betri iliyojaa na kupumzika ina karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, mita isome karibu 14. Ikibaki 12, betri haipati chaji: angalieni altaneta, mkanda wake na nyaya.

Kama chaji ni nzuri, jaribuni jambo lisilo na gharama. Jioni fungueni waya wa hasi wa betri. Asubuhi urudisheni. Gari likiwaka vizuri, betri ni nzima. Kuna kitu garini kinachonyonya umeme. Lisipowaka, yaelekea betri yenyewe imechoka.

Kumtafuta mwizi, tufanye hivi:

1. Zimeni kila kitu, toeni ufunguo, fungeni milango. Kama fyuzi ziko ndani, acheni mlango wazi lakini mbane swichi yake ili taa isiwake.

2. Fungueni waya wa hasi. Wekeni mita, upande wa ampea 10, kati ya waya huo na kichwa cha betri. Mtu asiwashe gari mita ikiwa hapo, itaungua.

3. Ngojeni. Magari yenye kompyuta huchukua hata nusu saa kabla ya kutulia. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida.

4. Ikizidi, chomoeni fyuzi moja moja, mkiirudisha kila moja mahali pake. Ile ambayo ikitoka namba inashuka, mwizi yuko kwenye njia yake.

5. Namba isiposhuka, chunguzeni altaneta, pia redio au king'ora kilichofungwa baadaye bila kupitia fyuzi.

Msidharau kitu kidogo. Balbu ya wati 5 hula karibu ampea 0.4. Kwa siku nzima ni karibu ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 60 humalizwa kwa siku sita, na gari hukataa kuwaka mapema zaidi.

Kwa hivyo fundi akisema "nunueni betri", mwulizeni kwa upole: umepima ngapi? Andikeni namba hiyo kwenye daftari la gari.

Maswali ya kujadiliana:
– Mwaka uliopita tulitumia pesa ngapi kwa betri?
– Ni nani kati yetu, mama au kijana, atakayejifunza kutumia mita?
– Je, kuna mtu tuliyemlaumu bila kupima?